Majina Aliyonifundisha Mama Mkwe

Alikuwa akilitaja jina la Mungu kwanza, kisha ananyamaza kidogo, kama mtu aliyebisha hodi na sasa anasikiliza kama ndani kuna wenyewe. Ndipo sindano inaingia tena kwenye kitambaa. "Ya Latifu," kimya, sindano. "Ya Halimu," kimya, sindano. Kofia zake zote zilishonwa hivyo, tobo baada ya tobo, na mpaka leo nikimwona mzee anaelekea msikitini amevaa kofia ya mkono, macho yangu hubaki kichwani mwake kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu.

Nikimkumbuka mama mkwe wangu, huwa ni mchana wa mvua ambayo haijaamua kunyesha. Ukungu umeshuka kutoka mlimani mpaka Majengo, mtaa wetu wa Goma, nyumba za mbao za jirani zimebaki vivuli, na mawe meusi ya uani yanang'aa kwa unyevu. Mahali fulani redio inaimba. Yeye ameketi kwenye kigoda mlangoni, kikwembe kimefunika magoti, na kitambaa cheupe kiko karibu sana na uso wake, kwa sababu macho yalikuwa yameanza kumuacha.

Sijui alizaliwa wapi. Nilimuuliza mara moja akasema, "Kwa mama yangu," akacheka peke yake. Sikuuliza tena.

Mimi nilitoka milima ya Masisi, binti wa wafugaji, mtoto wa kanisani. Mwanawe alikuwa akija kwetu kununua maharagi, na msimu mmoja aliporudi Goma nilirudi naye. Baba yangu alisema nikivuka kizingiti kile nisirudi kukivuka tena. Ilikuwa miaka ile ya Zaïre, wanaume wamevaa abakosti, ile suti isiyo na tai, na makarani wanatuita sitwayeni, yaani raia. Nilitamka shahada siku ya ndoa kama mtu anayerudia maneno ya wimbo wa lugha asiyoijua, nikaingia katika nyumba ile nikiwa na woga wa kila kitu: udhu, vyombo, namna ya kuketi.

Siku ya kwanza hakuniuliza lolote la dini. Alininyooshea sindano na uzi.

"Macho yangu imechoka. Niwekee uzi, mutoto wangu."

Nikamwekea. Ikawa ndiyo kazi yangu ya kila mchana, na masomo yangu yalianzia hapo, ingawa wakati huo sikujua kwamba ni masomo.

Siku moja ya wiki zile za mwanzo ardhi ilitikisika, kama inavyofanya kwetu mara kwa mara. Vikombe viligongana kabatini. Nikaruka, nikaita kwa lugha ya nyumbani, "Rurema we!" Kisha nikaziba mdomo kwa mikono miwili, nikadhani nimeharibu ndoa.

Mama aliiweka kofia chini. "Umeita nani?"

"Samahani, Mama."

"Siyo samahani ninauliza. Ninauliza umeita nani."

"Rurema."

"Na Rurema ni nani?"

Nilitafuta maneno. "Ni ule mwenye aliumba vyote."

Alinitazama, ule mtazamo wake wa mtu anayepima kitambaa. "Basi huyo ni Al-Khaliku. Kumbe umekuya na moja mu mukono tayari. Na mimi nilifikiri ninaanza na mukono mutupu." Akaokota kofia. "Niwekee uzi."

Usiku ule nililala vizuri kwa mara ya kwanza tangu nitoke Masisi.

Hakufundisha kwa mpangilio. Mwalimu wa msikiti aliwaimbisha watoto majina yote kwa wimbo mmoja, na watoto waliyamaliza bila kuvuta pumzi. Yeye alisema mtoto anayafahamu majina hayo kama anavyofahamu nyumba zilizo kando ya njia anapopita mbio. Kwake jina lilikuja na jambo lake. Goma yetu haina mto. Maji ni ya ziwani kwa madumu tunayoyaita bidoni, au ya mvua kwa pipa lililo chini ya bati. Kiangazi kilipolikausha pipa, nilimsikia akisema "Ya Razaku," Mwenye kuruzuku, juu ya kitu kitupu kabisa.

"Mama, pipa haina kitu."

"Ndiyo maana ninamwita. Ukimwita na pipa imejaa, unamushukuru. Ukimwita na iko tupu, hapo ndipo unamujua."

Kisha akanituma ziwani na bidoni mbili, maana hakuwa mtu wa kungoja mvua akiwa amekunja mikono.

Al-Jabari lilinitisha. Nililisikia likitamkwa nikamwona mwanaume mkubwa mwenye fimbo. Nilimwambia hivyo siku ambayo mume wangu alianguka kwenye mawe akavunjika mkono, na mfunga mifupa alikuwa ndani akimnyoosha, na mume wangu anapiga kelele mpaka jirani. Mama alikuwa ameshika kichwa cha mwanawe mapajani, anatoka jasho kuliko yeye. "Unasikia mutu huyu anafanya nini?" aliniambia. "Anavuta mufupa kwa nguvu. Mutoto wangu analia. Lakini asipovuta, mukono itabaki imepinda. Mwalimu alinieleza: neno ni lile lile. Mwenye kulazimisha, na mwenye kuunga chenye kimevunjika." Baadaye, mkono ulipofungwa vijiti na kelele zikaisha, alikwenda nyuma ya nyumba akatapika. Hakuweza kuvumilia kuona mtu akiumia, na alikasirika nilipomletea maji ya kunawa uso, kana kwamba nimemwona hana nguo.

Kuna majina, alisema, ambayo mtu anaweza kuvaa kidogo, kipande chake: huruma, subira, kusitiri. Na kuna majina ya kutazama tu kutoka mbali na kuinamisha kichwa. Ukubwa ni Wake. Mtu akiuvaa ukubwa, unamburuza chini kama kanzu ya baba iliyovaliwa na mtoto. Haya aliyatekeleza mpaka kwenye jina la mwanawe. Mume wangu ni Abdurahmani, yaani mtumwa wa Rahmani, Mwenye rehema, na rafiki zake walimkata jina wakamwita Rahmani. Walikuja mlangoni wakiita, "Rahmani! Rahmani iko?"

"Rahmani iko siku zote," Mama alijibu bila kuinua macho. "Kama munatafuta mutumwa Wake, ameenda soko."

Walicheka, lakini wengine walianza kulitaja jina zima, hasa wale waliokuwa na haraka. Katika miaka ile ambayo watu wazima waliambiwa na serikali waache majina ya ubatizo wachukue ya mababu, jirani yetu mmoja alilala Yozefu akaamka mtu mwingine, na alikaa wiki nzima haitiki anapoitwa. Mama alimhurumia kweli. Alimpelekea chai. Kisha akaniambia mimi, "Unaona? Mutu jina yake inabadilika kama nguo. Nikikufundisha majina ya Mwenye habadiliki, usifikiri ninapoteza wakati wako."

Nilimuuliza maswali ya kitoto, maana nilikuwa kama mtoto. Kwamba Mungu ni Mwenye kusikia, sawa; lakini anasikia kwa sikio gani? Alishona mstari mzima kabla ya kujibu. "Wewe unataka sikio. Mimi nimekuambia anasikia. Hakuna kitu inafanana na Yeye. Basi na kusikia kwake haifanani na yako. Amini kusikia, sikio uiache." Nikauliza, na kama ninasema moyoni kwa Kinyarwanda? "Ndiyo mbaya zaidi," alisema akitabasamu. "Hapo huwezi hata kujificha nyuma ya Kiswahili."

Hakuwa malaika. Alikuwa bahili wa sukari kupita kiasi. Aliificha, kisha akasahau alipoificha, kisha akanishuku mimi. Alipenda kusikiliza ugomvi wa majirani. Aliweza kusimama kwenye ua akijifanya anaanika nguo mpaka nguo zikauka mikononi mwake. Lakini yaliyoingia masikioni mwake hayakutoka mdomoni. Nilipomtania alisema, "Nimesikia yote, sijasema moja. Sitara iko kwa mudomo, haiko kwa sikio." Nadhani hiyo aliitunga mwenyewe ili aendelee kuanika nguo.

Na kuna jambo la dawa. Kwa muda mrefu aliamini kila jina ni dawa ya ugonjwa wake, hili la tumbo, hili la jino, hili la mtoto asiyelala, na wanawake wa mtaa walikuja kwake kuchukua. Mwalimu wa msikiti alisikia akaja kuongea naye, kwa heshima sana, ameketi kwenye ukingo wa kiti. Alimwambia, "Mama, Mwenye jina ndiye anayeponya. Tukigeuza jina kuwa kidonge, tutamsahau Mwenyewe." Alikubali. Alinuna siku mbili, kisha akaanza kuwaambia wale wanawake vile vile alivyoambiwa, kwa sauti ya mtu aliyekuwa akilijua jambo hilo tangu zamani. Mimi nilimsikia bado akinong'ona jina juu ya unga wa chapati ulipokataa kulainika. Nikanyamaza. Nilikuwa nimejifunza sitara.

Mtoto wetu wa kwanza alipofikisha umri wa kukaa, Mama alianza kunisumbua kuhusu baba yangu. Asubuhi moja alinifungia mtoto mgongoni kwa mikono yake.

"Nenda Masisi."

"Alinikataza, Mama."

"Alimukataza binti. Huyu hakumukataza, hakumujua. Nenda. Mulango ya Mungu inaitwa Tawabu, inafunguka hata mutu akirudi kila siku. Mulango ya baba yako ijaribu mara moja."

Nilikwenda. Baba alikuwa akikamua. Alinitazama juu ya mgongo wa ng'ombe, akaendelea mpaka kibuyu kikajaa. Kisha akauliza, "Anakunywa maziwa, huyo?" Nikasema anakunywa. Akamchukua. Hatukuzungumza juu ya kizingiti, siku hiyo wala siku nyingine yoyote.

Nilirudi Goma nikiwa mwepesi kama aliyeshushwa mzigo wa kuni, na kwa wepesi huo nikasema neno ambalo singelisema siku nyingine. Nilijua, kama nyumba nzima ilivyojua, kwamba Mama alikuwa na mdogo wake wa kike kule Kiwanja, na kwamba hawakuonana. Sababu haikutajwa. Tulikuwa mlangoni, ninaweka uzi.

"Na wewe, Mama? Kiwanja utaenda lini?"

Alichukua sindano mkononi mwangu. Hakutaja jina lolote. Alishona mpaka giza likaingia, na siku zilizofuata uzi aliuweka mwenyewe, akijichoma vidole, akatia madoa madogo mekundu kwenye kitambaa cheupe.

Ijumaa moja aliniita. Alisema bila kunitazama.

"Kabla ya kuzaa Abdurahmani nilikuwa na mutoto mwanamuke. Wa kwanza. Alienda Kiwanja kutembelea mama yake mudogo. Surua ilikuwa huko. Mvua ilikata njia. Nilifika kwa miguu, wameshamuzika asubuhi ile ile."

Nilisema taratibu, kwa kuwa na hilo nilikuwa nimefundishwa nyumbani humo, kwamba maiti huharakishwa.

"Ninajua. Mudogo wangu hakukosea sheria. Ninajua zaidi yako. Lakini angeningoja niangalie uso." Alinyoosha kitambaa juu ya goti. "Kuna Al-Ghafuru. Huyo anafunika zambi, iko pale lakini imefunikwa. Na kuna Al-Afuwu. Huyo anafuta, mpaka alama haibaki. Nimekufundisha huyu wa pili?"

"Hapana, Mama."

"Sikukufundisha kwa sababu nina haya mbele Yake. Ya kufunika niliweza. Hakuna mutu wa Majengo anajua nina kinyongo na mudogo wangu. Ya kufuta, bado."

Tangu siku hiyo alinirudishia kazi ya uzi. Miaka ikapita kama inavyopita Goma, mlima wa volkano ukiwaka mwekundu jioni na kuzimika, vumbi jeusi likirudi ndani kila unapolifagia. Watoto waliongezeka. Kofia zake zilianza kupotoka mistari, na watu waliendelea kuzichukua kwa upendo. Alikuwa amezeeka kiasi kwamba niliposimama nyuma yake niliona mwanga ukipita kwenye sikio.

Habari ilikuja na abiria wa kamyoneti, gari dogo la mizigo, iliyotoka Rutshuru, jirani na Kiwanja: mdogo wake anaumwa, ugonjwa wa kusahau. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza gari linaondoka saa ngapi kesho.

Tulikwenda sisi wawili. Njia ilipita katikati ya mawe meusi yaliyoota ukoka, kisha kabichi za Kibumba, kisha msitu. Ukungu ulikuwa mzito, dereva amewasha taa mchana. Mama alikaa mbele, ameshika mfuko wa nguo mapajani. Nilikuwa nyuma yake nikiona kwa pembeni midomo yake ikitembea, na sikujua anamwita kwa jina gani. Mara moja aligeuka akaniambia, "Nimetengeneza maneno ya kumwambia. Nimeyasahau na kuyatengeneza tena." Kisha akaigeukia njia mpaka Kiwanja.

Nyumba ilikuwa nyuma ya soko. Mlangoni tulipokelewa na binti wa mgonjwa, mwanamke wa rika langu, ambaye hakuwahi kumwona mama yake mkubwa. Alipojua ni nani alipiga magoti. Kisha akatuonya, kwa sauti ya chini. Mama yake bado anatambua watu wa zamani, alisema, lakini hajui wakati. Na kila siku anauliza habari za mtoto mmoja aliyefia hapo nyumbani zamani.

"Kila siku anauliza iko wapi. Tunamwambia alikufa. Na analia sawa vile ni leo. Asubuhi anasahau, anauliza tena. Sisi tumechoka kumwambia, Mama. Na yeye hachoki kulia."

Niliona mkono wa mama mkwe wangu ukitafuta ukuta. Sidhani alikuwa amewahi kufikiria kwamba mtoto wake analiliwa na mtu mwingine zaidi yake.

Tukaingia. Mdogo wake alikuwa ameketi mkekani akichambua maharagi, mwembamba, kichwa kimefungwa vizuri. Aliinua uso, na ule uso ukafunguka wote, akamwita kama dada mkubwa anavyoitwa kwetu.

"Yaya! Umechelewa! Mvua ilikukamata?"

"Ilinikamata, mudogo wangu," Mama alisema. "Njia ilikatika."

"Kaa, kaa." Alimsogezea mkeka, akayasukuma maharagi kando. Kisha furaha ikaanza kumtoka machoni, akatazama nyuma yetu, mlangoni, mimi, mfuko wa nguo. "Yaya, mutoto iko wapi? Nilikuwa naye hapa. Ninamutafuta."

Binti yake alifumba macho, akingoja kilio. Mama mkwe wangu alishuka polepole mpaka mkekani, goti moja, kisha la pili. Alichukua mikono yote miwili ya mdogo wake.

"Amelala."

"Amelala?"

"Amelala, mudogo wangu. Nimemuona. Usipige kelele."

Yule bibi akaweka kidole mdomoni. Mabega yake yakashuka. "Kumbe amelala," alinong'ona. "Na hawa watu wananiambia maneno mabaya."

Na tangu hapo mchana wote walizungumza kwa kunong'ona, vichwa vyao vimegusana, wakichambua maharagi moja moja wasiyadondoshe kwenye sahani kwa kelele. Waliongea habari za watu waliokufa kitambo kama za watu walioenda shamba. Walicheka bila sauti, wakipigana makofi mapajani. Binti yake alitembea kwa ncha za vidole, na mimi pia, na hata kelele za soko nyuma ya ukuta niliona zimepungua. Sikuwahi kuona nyumba iliyojaa usingizi namna ile, na ndani yake hakuna aliyelala.

Asubuhi tulitoka uani kunawa, sisi wawili tu. Swali lilikuwa likinikera, nikalitoa.

"Mama, siyo uongo?"

Alijifuta uso kwa ncha ya kikwembe. "Kuna mmoja sijakufundisha bado. Al-Baithu. Mwenye kuamusha wafu siku ile. Kama kuna Mwenye kuamusha, basi mutoto wangu anafanya nini sasa hivi?" Akanigusa shavu kwa mkono wenye maji. "Miaka yote ninamutaja, na sikujua nimeamini. Jana nilisema kwa mudomo kabla moyo haijapanga. Nikasikia ni kweli."

Kisha akaniambia nirudi Goma peke yangu. Nilipinga: nguo zake, macho yake, mwanawe atasema nini. Nani atakayemwekea uzi?

"Nitashona hapa, nitaharibu hapa. Mwambie Abdurahmani nimebaki. Mudogo wangu atauliza tena leo, na kesho. Nani atamujibu?"

Kamyoneti ilikuja mpaka karibu na nyumba. Nilipanda nikilia. Mama alisimama kizingitini, mwili mdogo katika ukungu, na nyuma yake ndani nilisikia ile sauti nyingine ikianza kuita, "Yaya, mutoto iko wapi?" Aligeuza kichwa akajibu kitu kwa upole. Dereva, kijana wa watu asiyejua lolote, alinyoosha mkono kupiga honi ya kuondoka. Mama akamwona, akamwashiria kwa kidole mdomoni.

Kijana akautoa mkono kwenye honi. Akafungua breki, akaliacha gari literemke lenyewe taratibu, bila kuwasha injini, mpaka tulipofika barabarani.